Vichekesho vya vijijini Ireland: wazee walisimulia, watoto wakaandika

Na Mwandishi Maalumu

KATIKA vijiji vya mpakani nchini Ireland husimuliwa kisa cha mzee mmoja aliyekuwa akivuka mpaka karibu kila siku akiwa juu ya baiskeli, na nyuma amefunga gunia. Afisa wa forodha humsimamisha. "Umebeba nini humo?" Mzee hujibu, "Mchanga tu, mkubwa." Gunia linafunguliwa, linamwagwa, linachakurwa mpaka chini. Mchanga mtupu! Mzee anazoa mchanga wake, anafunga gunia na kwenda zake. Kesho yake mambo ni yale yale.

Miaka ikapita. Afisa akastaafu, na siku moja akamkuta mzee yule kilabuni. Akamsogelea kwa upole. "Mzee wangu, kazi nimeacha na siwezi kukufanya lolote. Nilijua kabisa kwamba ulikuwa unapitisha magendo, ila nilichakura gunia mpaka nikachoka. Hebu niambie, ulikuwa unapitisha nini?"

Mzee akameza funda, akafuta mdomo, akasema: "Baiskeli."

Ndugu msomaji, kama wewe ni mtu wa kupita Kobero au Mugina na mzigo kichwani, nina hakika umeshacheka. Kisa hiki kina ndugu zake duniani. Huko Uturuki na nchi jirani zake, mwenye kupitisha magendo ni Nasreddin Hodja, na mali yenyewe ni punda. Lakini Waireland wana haki ya kukiita chao, kwa sababu mpaka walipewa, na mpaka waliucheka.

Kisiwa cha Ireland kiligawanywa mwaka 1921. Sehemu ya kaskazini ikabaki chini ya Uingereza, na sehemu kubwa iliyobaki ikapata serikali yake. Tarehe 1 Aprili 1923 vituo vya forodha vikafunguliwa katika mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 500, ambao katika sehemu nyingine ulipita katikati ya mashamba ya watu. Mtu aliyezoea kwenda kwa shangazi yake, au gulioni kuuza ndama, akaamka asubuhi na kuambiwa kwamba safari hiyo sasa ni ya nchi za nje.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia magendo yalipamba moto. Upande wa kusini chai ilikuwa adimu kiasi kwamba mgao ulishuka hadi nusu wakia kwa mtu mmoja kwa wiki, yaani kama gramu 14 tu. Upande wa kaskazini siagi ndiyo ilikuwa ya kutafutwa kwa tochi. Basi chai ikawa inashuka kusini kwa siri, na siagi inapanda kaskazini kwa siri. Husimuliwa kwamba akina mama walijifunga siagi kiunoni chini ya makoti. Maafisa nao hawakuwa wajinga. Mama akishukiwa hakupekuliwa. Alikaribishwa kwa heshima zote, akapewa kiti karibu na jiko lenye moto mkali, akaulizwa habari za nyumbani, za watoto na za mifugo. Baada ya dakika kumi mazungumzo yalikuwa yanatiririka, na siagi pia.

Vituo hivyo vya forodha viliondolewa mwaka 1993, soko la pamoja la Ulaya lilipoanza. Wengi wa wale akina mama wametangulia mbele ya haki, lakini visa vyao vipo. Swali ninalotaka tujiulize leo ni hili: vilibakije?

Mtihani wa kisa cha kuchekesha

Mwaka 1935 serikali ya Ireland iliunda Tume ya Ngano na Mila za Ireland. Mkurugenzi wake alikuwa James Hamilton Delargy, na mtunza nyaraka wake Seán Ó Súilleabháin, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Tume ilikuwa na wakusanyaji wachache, na kisiwa kilikuwa na wazee wengi. Kila mwezi uliopita ulizika maktaba kadhaa. Ndipo wakawakumbuka wanafunzi.

Kuanzia mwaka 1937, kwa ushirikiano na Wizara ya Elimu na chama cha walimu, watoto wa madarasa ya juu ya shule za msingi, wengi wao wa miaka 11 hadi 14, walipewa kazi kubwa. Badala ya insha za kawaida za "Siku nitakayoikumbuka", walitumwa nyumbani kwa babu, bibi na majirani. Waulize, wasikilize, waandike. Ó Súilleabháin aliandaa kijitabu chenye mada 55 kwa ajili ya walimu. Humo mlikuwa na hazina zilizofukiwa, vitendawili, dawa za kienyeji, mila za ndoa, na habari za njaa kubwa. Na miongoni mwa mada za mwanzo kabisa palikuwa na hii: kisa cha kuchekesha.

Hapo ndipo mimi, niliyefundishwa kusoma na kuandika katika shule ya kambini mkoani Kigoma, ninapovua kofia. Serikali yenyewe kumwambia mtoto, "Nenda kamwombe babu yako akuchekeshe, halafu uniletee ushahidi." Watoto zaidi ya 50,000 kutoka shule zipatazo 5,000 walifanya kazi hiyo hadi mwaka 1939. Kurasa zilizokusanywa ni kama 740,000. Leo zimehifadhiwa katika chuo cha University College Dublin, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuzisoma, zikiwa na mwandiko wa mtoto, jina la kijiji, na mara nyingi jina la mzee aliyesimulia.

Wakili wa wanyonge

Ukifungua visa vya mashujaa wa Waireland utakutana mara nyingi na mtu mmoja, Daniel O'Connell. Huyu hakuwa wa kubuni. Alizaliwa katika jimbo la Kerry mwaka 1775 na kufariki mwaka 1847. Alikuwa wakili, na ndiye aliyeongoza harakati zilizowapatia Wakatoliki haki ya kuingia bungeni London mwaka 1829. Vitabu vya historia vinasimulia hotuba zake. Wanakijiji walisimulia ujanja wake.

Wanasema msafiri mmoja alikula mayai ya kuchemsha katika nyumba ya wageni, akaondoka bila kulipa. Baada ya miaka mingi akarudi na fedha zake mkononi ili alipe deni. Mwenye nyumba akachukua kalamu na kuanza hesabu. Mayai yale yangekuwa vifaranga, vifaranga vingekuwa kuku, kuku wangetaga, mayai yao yangeanguliwa... Mwisho wa hesabu yule maskini alikuwa anadaiwa bei ya shamba zima. Kesi ikafika mahakamani.

Siku ya hukumu wakili O'Connell akachelewa. Hakimu akafoka. "Naomba radhi mheshimiwa," akasema, "nilikuwa nachemsha njegere za kupanda." Hakimu akashangaa: "Tangu lini njegere zilizochemshwa zikaota?" O'Connell akainama kwa adabu: "Tangu siku mayai yaliyochemshwa yalipoanza kuanguliwa." Kesi ikaishia hapo.

Aliyekulia kwenye Kiswahili ataguna hapa, maana kisa cha aina hiyo kimesimuliwa pia katika lugha yetu, na sifa kupewa Abunuwasi. Hakuna aliyemwibia mwenzake. Visa vya namna hii vimesafiri na wafanyabiashara tangu enzi na enzi, tena bila kulipa ushuru.

Kisa kingine kinawahusu zaidi wale tuliorudi na kukuta shamba la baba lina mwenyewe mwingine mwenye karatasi. Mtu mmoja alifariki, na mara ukatokea wosia unaompa mali yote mtu asiyetegemewa. Mashahidi wakaletwa. Mmoja baada ya mwingine akaapa maneno yale yale: "Wakati mkono wake unatia sahihi, ndani yake mlikuwa na uhai." O'Connell akaona neno hilo limepangwa mno. Hakuna aliyesema "alikuwa hai". Wote walisema "ndani yake mlikuwa na uhai". Akamgeukia shahidi, akamkazia macho: "Kwa kiapo ulichokula, mdomoni mwa maiti hamkuwekwa inzi hai?" Shahidi akatetemeka, ukweli ukatoka. Walimshika marehemu mkono na kumtilia sahihi, na kabla ya hapo walimtia inzi mdomoni ili wasiape uongo. Walimwogopa Mungu, lakini kidogo tu.

Na kipo kile cha London. O'Connell alialikwa karamuni na watu waliomchekea mbele na kumchukia nyuma. Msichana aliyekuwa akihudumia mezani alikuwa ametoka kwao Ireland. Akipita na sahani, akamwambia kwa Kiireland, kama mtu anayejiimbia, kwamba kinywaji kilicho mbele yake si salama. Wenyeji hawakuambulia neno. O'Connell akamjibu kwa lugha hiyo hiyo, hakunywa, akapona. Kama karamu hiyo ilikuwapo kweli au haikuwapo, si hoja. Waliokuwa wanakisimulia kisa hicho walikuwa wameshuhudia lugha yao ikidharauliwa shuleni na ofisini. Kila walipokisimulia walikuwa wanaambiana kwamba lugha ya mama haitoshi kukupatia kazi, lakini inatosha kukuokoa roho. Aliyeishi ugenini anajua thamani ya neno moja la nyumbani likisemwa na mtu usiyemtarajia.

Ngozi na bei yake

Wafanyabiashara nao wana kisa chao. Gobán Saor alikuwa mwashi hodari wa kale. Wanakijiji humtaja kama fundi aliyejenga majumba na minara. Alikuwa na mtoto wa kiume ambaye akili yake ilikuwa ya kusukumwa. Mzee akamkabidhi ngozi ya kondoo: "Nenda gulioni ukaiuze. Jioni uniletee ngozi na bei yake."

Kijana akazunguka gulio zima. Kila aliyeambiwa masharti alicheka mpaka machozi. Jioni, akirudi amekata tamaa, akakutana na msichana. Msichana akasikiliza, akaichukua ngozi, akainyoa sufu yote, akaipima, akamlipa bei ya sufu, kisha akamrudishia ngozi yake. Gobán alipoona fedha na ngozi mezani hakuuliza bei. Aliuliza: "Huyo binti anakaa wapi?" Arusi ikafanyika.

Binti huyo ndiye anayebeba hadithi yote iliyobaki. Siku moja mzee na mwanawe walitoka kwenda kazini mbali. Mzee akasema, "Mwanangu, nifupishie njia." Kijana akasema njia haifupishwi na mtu. Mzee akageuza, wakarudi nyumbani. Kesho yake vivyo hivyo. Mke akamwambia mumewe usiku: "Baba yako hataki ukate kona. Mkitoka tu getini, mwanzishie hadithi." Asubuhi kijana akaanza hadithi, na mzee hakujua hata saa walipofika.

Huko walikokwenda walimjengea mfalme jumba lisilo na mfano. Mfalme akapanga kuwaua wakimaliza, ili asitokee mwingine wa kujengewa kama lile. Gobán akanusa hatari. Akasema kazi imebaki kidogo, ila kuna kifaa amekisahau nyumbani, nacho jina lake ni "Hila kwa Hila", na bila hicho jumba halimaliziki. Mfalme hakutaka kumruhusu mzee wala mwanawe, akamtuma mwanawe mwenyewe. Mkamwana aliposikia jina la kifaa akaelewa yote. Akamwonyesha mtoto wa mfalme sanduku kubwa: "Kimo humo chini kabisa, inama ukichukue." Alipoinama, akasukumwa ndani na kifuniko kikafungwa. Salamu zikatumwa kwa mfalme: mtoto atatoka sandukuni siku mafundi watakapofika nyumbani salama, na ujira wao mkononi. Mfalme alilipa siku hiyo hiyo.

Kicheko penye matanga

Mtu wa mjini anaweza kudhani kwamba watu waliopata mateso hawana nafasi ya mzaha. Ireland inakanusha. Njaa kubwa iliyoanza mwaka 1845, viazi vilipooza mashambani, iliua watu wapatao milioni moja, na wengine zaidi ya milioni moja wakakimbilia ng'ambo katika muda wa miaka kumi. Familia zilizokuwa zikimsindikiza kijana kwenda Marekani zilifanya mkesha kama wa maiti, kwa kuwa wengi hawakutarajia kumwona tena. Na katika mikesha, ya maiti wa kweli na ya hao wasafiri, palikuwa na hadithi, muziki na mizaha. Maaskofu walikemea michezo ya matangani kwa karne kadhaa, na watu wakaendelea. Sisi tuliokulia Tanzania, ambako tulimwona mtani akiwachekesha wafiwa pembeni mwa kaburi, hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kisa kinachopendwa sana ni cha mzee kibiongo aliyefariki. Alikuwa hakubali kulala chali, kwa hiyo walimfunga kwa kamba kifuani ili alale sawasawa kitandani. Usiku wa manane, watu wakiwa wanavuta tumbaku, mtukutu mmoja akajificha chini ya kitanda na kukata kamba. Marehemu akakaa kitako. Nyumba ikabaki tupu, mlango ukawa mwembamba, na inasemekana viatu vilivyobaki vilitosha kufungulia duka. Alibaki bibi mmoja tu aliyemtazama marehemu na kumwambia: "Kama umebadili mawazo, ungetuambia kabla hatujanunua tumbaku."

Lakini kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Brian, msusi wa vikapu, mtu asiye na hadithi. Alikwenda kukata fito katika bonde ambalo wengine waliliogopa. Ukungu ukamfunika. Akaona taa, akaingia katika nyumba ya mzee na bibi, wakampokea vizuri, kisha wakasema, "Tusimulie hadithi." Brian akajibu kwamba katika maisha yake hajawahi kuwa na hadithi. Bibi akamwambia basi akachote maji kisimani.

Alipoinama kisimani, upepo ukamzoa na kumtupa mbali, penye nyumba yenye mkesha wa maiti. Mtu mmoja akataka kwenda kumwita mpiga fidla. Msichana akasema, "Ya nini? Mpiga fidla bora wa Ireland yupo hapa, Brian." Brian akaapa hajawahi kushika fidla. Akapewa, akapiga, watu wakacheza. Ikatakiwa padri. "Ya nini? Brian yupo." Akasoma Misa bila kukosea. Jeneza likabebwa na watu wanne, mmoja wao mrefu kupita kiasi, likawa linainama. Ikatakiwa daktari wa kupunguza miguu ya yule mrefu. "Brian yupo!" Brian akampunguza. Mara upepo ukamzoa tena, akaanguka pale kisimani, ndoo pembeni. Aliporudi ndani wenyeji wakamwambia: "Sasa popote utakapoombwa hadithi, unayo."

Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Brian ni mkimbizi kabisa. Upepo ulimchukua bila kumuuliza, akapelekwa kusikojulikana, akatakiwa kufanya kazi asizosomea, akazifanya, kisha akarudishwa mlangoni akiwa na ndoo yake. Wangapi kwetu wamefanywa fundi, mkunga, mwalimu na mkalimani kwa siku moja, kwa sababu tu hapakuwa na mwingine?

Nusu ya salamu

Kuhusu sisi tuliorudi, karatasi zipo nyingi. Zipo kadi za mgao, orodha za kaya, fomu za kurejea, na majalada ya migogoro ya ardhi. Humo utakuta idadi yetu na shida zetu. Kicheko chetu hakimo.

Nitatoa mfano mmoja. Kambini tulikuwa na mzee ambaye siku mgao wa unga ulipopunguzwa, naye alipunguza salamu. Ukimpita alisema, "Ama—", kisha ananyamaza. Ukimuuliza mbona hamalizii "Amahoro", alijibu kwa uso mkavu: "Mgao umekatwa. Iliyobaki utapewa mwezi ujao." Foleni nzima ilicheka, na wenye njaa wakasimama saa mbili zaidi bila kugombana. Mzee huyo alifariki kabla ya kurudi. Katika karatasi zote nilizotaja, yeye ni namba moja katika orodha ya kaya.

Mkusanyiko wa ile tume ya Ireland, wa mwaka 1935 hadi 1970, uliingizwa mwaka 2017 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu za Dunia. Kisa cha babu aliyecheka na mjukuu wake jikoni kinahesabiwa leo kuwa mali ya dunia nzima. Chanzo chake hakikuwa mitambo mikubwa. Chanzo kilikuwa daftari, wino, na mwalimu aliyekubali kupoteza kipindi kimoja cha insha.

Walimu wenzangu, kipindi hicho tunacho. Mtoto aandike kisa kama mzee alivyokisema, bila kukinyoosha. Juu aandike jina la msimulizi, umri wake, kijiji alichozaliwa na mahali alikokimbilia. Na ninyi ndugu zangu wafanyabiashara, mnaokaa saa nzima mkisubiri lori lifunguliwe mpakani, mnajua visa ambavyo hakuna mwalimu anayevijua. Mtoto akija na daftari akauliza mlikuwa mnapitisha nini enzi zile, mwambieni. Afisa mwenyewe ameshastaafu.